Pointi za hoteli: ngoja kwanza
Kaka ulouliza kama uzimalize pointi zako za Marriott Bonvoy (mpango wa zawadi kwa wateja wa hoteli za Marriott) kwa usiku mmoja Nairobi, ngoja kwanza. Chukua bei ya keshi ya chumba pamoja na kodi, gawanya kwa pointi wanazotaka, ujaribu tarehe mbili tatu uone kila pointi inakupa shilingi ngapi, maana chumba kikiwa bei ya chini ni heri ulipe keshi tu. Utamu wenyewe uko ukilipia siku tano mfululizo kwa pointi, ile ya pointi chache zaidi hawakukati, unalala bure. Huku Malindi hoteli nyingi ni za watu binafsi, sioni ukizitumia huku. Na usizilaze pia, miezi 24 bila kuingiza wala kutumia zinafutwa.