Mwanangu wa kiume anafuma krosheti

SWALI: Papa Fundi, jambo. Kijana wangu ana miaka 13. Alijifunza krosheti, kufuma uzi kwa sindano yenye ndoano, kwa mama yake mkubwa; sasa anafuma kofia za watoto wachanga wa majirani. Baba yake mdogo alimnyang'anya uzi mbele ya wageni, eti hiyo ni kazi ya wasichana. Tangu hapo anafuma usiku, amejifungia. Nimkataze?
Mama wa Birere, Goma

JIBU: Mama, usimkataze. Na uzi wake arudishiwe mbele ya watu vilevile.

Niko kwenye mashini hapa Kadutu, Bukavu, tangu 1991. Pita sokoni uangalie mafundi: wanaume tumeinamia vikwembe, tunabana magauni ya maharusi, na hakuna anayetucheka. Sindano ikileta pesa sokoni inaitwa ufundi. Ikishikwa nyumbani bure, inakuwa kazi ya wasichana. Jambo hili linaniuma, maana wasichana nao linawafungia njia. Nilimwona binti akishona vifungo miaka 3, na kijana aliyekuja nyuma yake ameshapewa makasi.

Kule Kasai, kwa Wakuba, wanaofuma kitambaa cha rafia, nyuzi za majani ya mti aina ya mchikichi, ni wanaume. Kikitoka mikononi mwao, wanawake wanakidarizi: uzi unapitishwa chini ya nyuzi za kitambaa, unakatwa kwa kisu kidogo, bila fundo, na ncha zake zinabaki zimesimama laini kama mahameli. Mwanaume asipofuma, mwanamke hana pa kudarizi.

Sasa huyo baba mdogo umwombe akae karibu na mtoto nusu saa tu, ahesabu naye. Kofia inaanza na vishono 6 katikati. Mzunguko wa pili 12, kisha 18, kisha 24, unaongeza 6 kila mara mpaka utosi uenee. Ukisahau kuongeza, inajikunja kama kikombe. Ukizidisha, inajaa mawimbi pembeni. Mtoto wa miaka 13 anayeshika hesabu hiyo kichwani, usiku, kwenye taa hafifu, anastahili kukaa mchana sebuleni na kazi yake.

Shule zikifungwa, mpandishe boti aje kwangu wiki mbili. Aje na sindano yake ya krosheti, ile nyembamba. Nina gauni la ubatizo hapa, jeupe, limekwisha kushonwa, ila ukingo wake bado unangoja mkono wa kuufuma.