Mgonjwa wa ubongo akisharudi nyumbani: tulikosea wapi sisi

Pole sana dada mleta mada. Umesema mumeo aliumia kichwa kwenye ajali miezi mitatu iliyopita, sasa yuko nyumbani, anatembea na kuongea, lakini analala mchana kutwa, anafoka kwa jambo dogo, na mama mkwe anadai ni uvivu wa kudekezwa. Mimi si daktari. Huu ni mwaka wa tano namuuguza kaka yangu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, huo si uvivu. Ubongo uliojeruhiwa huchoshwa na mambo ambayo sisi wazima hatuyahesabu kuwa kazi, kama kufuata maongezi ya watu wawili huku redio inaimba. Kaka akishaoga na kuvaa mwenyewe, nguvu za siku nzima zimekwisha. Tulipolielewa hilo tukahamishia mambo yote mazito asubuhi, mchana tukamwacha alale bila kumsema.

Kosa letu kubwa lilitokana na mapenzi. Wageni walijaa sebuleni, kila mmoja anamwinamia: "Mimi nani? Unanikumbuka?" Bado namwona akiwakodolea macho, jasho linamtoka, anataja jina lolote lililomjia. Jioni akabamiza glasi ukutani, nasi tukasema ana hasira! Mtaalamu wa tiba ya usemi alipopata habari alitukemea. Akasema mgonjwa hatahiniwi, mgeni ajitaje mwenyewe: mimi ni fulani, mtoto wa shangazi, tulisoma wote. Maana akibahatisha vibaya, mara nyingi lile jibu la makosa ndilo linalomganda kichwani. Tangu hapo wageni wakawa wawili kwa wakati mmoja, tena kwa muda mfupi.

Kosa jingine lilikuwa kumfanyia kila kitu. Mkono wake wa kulia ulikuwa dhaifu. Kifungo cha kwanza cha shati kilimchukua dakika nne: kinafika kwenye tundu, kinateleza, anakishika upya, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mama hakuweza kuvumilia, alikuwa anamsogelea amfungie, mpaka tukalazimika kumtafutia mama shughuli jikoni kila saa ya kuvaa ikifika. Ubongo hutengeneza njia mpya kwa kurudiarudia, na vifungo vile ndivyo vilikuwa mazoezi yenyewe. Akikwama, mpe neno moja la kumwelekeza kabla ya kumpa mkono. Na kama mumeo ana mkono dhaifu, msiuvute mnapomwinua kitandani, bega linaweza kuteguka.

Kuhusu kufoka: sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki ya tabia. Kuna Mmarekani mmoja, Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli, ambaye mwaka 1848 chuma kilimpenya fuvu akapona, lakini waliomfahamu wakasema si yule tena. Watu huishia hapo. Mimi kilichonipa moyo ni kwamba baadaye aliendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa kule Chile, na wapo wataalamu wanaodhani ni ule utaratibu wa kila siku uliomshikilia. Nyumbani kwetu utaratibu ulikuwa daftari moja la kaunta na saa ya ukutani. Kila jambo na saa yake, analifanya, anaweka alama ya vema. Ugomvi ulipungua sana, ingawa haukuisha.

Atakuja pia kudai anaweza kuendesha gari. Usibishane naye, kuna wagonjwa ambao ubongo wenyewe hauzioni kasoro zake. Sisi tulimwachia daktari akatae, lawama zikabaki kule.

Mama mkwe mpeleke kliniki siku moja, asikie kwa masikio yake. Maneno yako hayatamtosha.

Muda? Mabadiliko ya haraka huja zaidi miezi 6 ya mwanzo, kisha mwendo unapungua bila kukoma. Kaka alirudia kusoma gazeti mwaka wa tatu. Nawe panga zamu mapema. Mimi nilijifanya shujaa mwaka mzima, nikaishia kumfokea mgonjwa. Na ukijikuta unamlilia mtu ambaye yupo hapo mezani anakula, hujapotoka, wengi tumelia hivyo.

Pombe asiguse. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akipata degedege, au akawa mgumu kuamshwa kuliko kawaida yake, msingoje kesho, mkimbizeni hospitali. Kama amepewa dawa za degedege, asiziache kwa sababu anajisikia vizuri.

Halafu hujasema usiku analala vipi. Kaka alikuwa anakesha, mchana ndiyo analipia, na daktari wake alianzia hapo. Hebu mwangalie siku tatu nne, uandike saa, uende nazo kliniki.