Maji ya mgongo: kutoa au kukinga?

SWALI: Mtoto wa dadangu alilazwa na homa kali, shingo imekakamaa. Daktari akasema, "Tutamtoa maji ya uti wa mgongo." Nyanyake akakataa katakata: akishatolewa maji ya mgongo atatembeaje? Mwengine kaniambia neno sahihi ni "ugiligili". Tuseme vipi? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Nyanya alisikia Kiswahili sawasawa. Ukimwambia mtu wa Mombasa "kutoa maji", huona tumbo lililojaa maji, yanatolewa mpaka yaishe. Haya ya mgongo hayaishi. Mtu mzima ana takriban mililita 150, na mwili hutengeneza kama mililita 500 kila siku. Maabara huhitaji kidogo tu, kiasi cha vijiko viwili vya chai, na kwa mtoto hupungua zaidi. Tena kwa kawaida hayavutwi kwa bomba: sindano ikishaingia hudondoka yenyewe, tone tone, kichupani. Sisi tunaoweka ndoo chini ya bati mvua ikinyesha tuna neno lake: kukinga. "Tutakinga maji kidogo ya mgongo tukayapime." Hapo nadhani nyanya angeuliza tu ni saa ngapi.

Kinachotisha zaidi ni "uti". Neno hilo moja tunaliitia mifupa na pia ile kamba ya neva iliyo ndani yake, ndiyo maana watu huogopa kupooza. Sindano huchomwa kiunoni, baina ya pingili za chini, na kamba yenyewe huishia juu ya hapo. Basi daktari aseme "kiunoni", aguse na mahali penyewe. (Na ile UTI ya herufi tatu ni ya mkojo, haihusiani.)

"Ugiligili" ni istilahi safi, iacheni vitabuni. Ukiitaja pale Marikiti utafungiwa giligilani.

Majibu yakija, msitafute neno mbali: maji maangavu, au maji yaliyotibuka. Yakiwa na ukungu kama yaliyooshewa mchele, bakteria hushukiwa. Ila uangavu pekee hausemi kitu. Kifua kikuu na virusi vyaweza kuyaacha yakang'aa. Kwa hiyo chembe nyeupe huhesabiwa kwa hadubini, sukari hulinganishwa na ya damu, na vijidudu huoteshwa. Hilo la mwisho huchukua siku kadhaa, na dawa huwa zimeshaanza.