Swali la lugha: Je, kiendeshi kinapanga foleni?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa mafundi kuhusu viendeshi vya vifaa vya kompyuta, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuwasiliana na vifaa kama kibodi. Kwa "event queue" ya Kiingereza, programu ya tafsiri imenipa "foleni ya hafla". Mwenzangu anashikilia ni "safu ya matukio". Kisha nikaandika "kiendeshi kinapanga foleni", naye akacheka. Kosa liko wapi?

JIBU: Hafla iondoe leo hii. Hafla ina waalikwa na maandalizi. Mtu akibonyeza kitufe cha kibodi hakuna mgeni rasmi anayekaribishwa. Hilo ni tukio, basi.

Kuhusu safu, mwenzako amekaribia tu. Vilivyo kwenye safu hukaa mahali pake: safu ya milima haipungui mlima mmoja mmoja. Tena majedwali ya kompyuta yameshalichukua neno hilo kwa safu wima na safu mlalo. Foleni huingiwa kwa nyuma na kutokwa kwa mbele, na ndivyo matukio yanavyokwenda. Kifaa kinakikatiza kichakataji, kiendeshi kinasoma kilichotokea na kuliweka tukio mwishoni mwa foleni, kisha programu inalichukua kutoka mwanzoni kwa wakati wake.

Sasa kicheko. Kwa Kiswahili, anayepanga foleni ni yule anayesimama ndani yake. Tukisema watu wamepanga foleni, hatumaanishi kuna foleni waliyoipangilia. Wao wenyewe ndio foleni. Kwa hiyo sentensi yako imemsimamisha mhudumu pamoja na wanaohudumiwa! Andika "kiendeshi kinayaweka matukio kwenye foleni". Ukitaka matukio yawe kiima, "matukio yamepanga foleni yakisubiri kusomwa" ni Kiswahili safi, nami naipenda zaidi. "Kinayapangisha foleni" nayo ni sahihi, ila wapo watakaofikiria nyumba ya kupanga kwanza.

Hukuuliza hili, lakini nimeliona katika mfano uliouambatisha: "Programu ikichelewa kusoma foleni, ikijaa, matukio yatapotea." Ni nini kimejaa? Programu na foleni zote ni za ngeli ya I-ZI, kwa hiyo kiambishi i- hakisaidii kuzitenganisha. Kiendeshi kina ki- yake na tukio lina li-, hivyo hayo hayagongani. Hapa litaje jina tena: "foleni ikijaa". Marudio yanaudhi katika hadithi; katika mwongozo wa kiufundi yanaokoa usiku mzima wa kutafuta hitilafu.

Na hilo "yatapotea" lenyewe lina walakini. Kinachopotea hupotea chenyewe, bila mtendaji. Katika mfumo endeshi wa Linux, foleni ya matukio ya kibodi au kipanya ikifurika, kiini cha mfumo (kernel) huyaondoa kwa makusudi yaliyokuwa yakisubiri, kisha huipa programu tukio maalumu liitwalo SYN_DROPPED ili ijue kwamba kuna pengo na iulize upya hali ya kifaa. Ipo basi mikono iliyotenda. Andika "yatatupwa", na kama aya ina nafasi, mtaje aliyetupa.