Usianze na Piriton, anza na sindano

Mleta mada wa Tanga, pale ulipoandika kuhusu mwanao mwenye aleji ya karanga kwamba "akivimba nitampa Piriton kwanza, hali ikizidi ndiyo nitumie EpiPen" mwili umenisisimka. (Piriton ni dawa ya aleji ya kunywa; EpiPen ni kalamu ya sindano ya adrenalini.) Mimi pia niliyashika hayo hayo, na nusura nimzike mtoto.

Tulikuwa Reading, Uingereza, nyumbani kwa shoga yangu, Idi mosi. Mwanangu ana miaka 6, aleji ya karanga, na kalamu zake mbili za miligramu 0.15 ziko kwenye mkoba begani kwangu. Kumbe kapewa kipande cha kashata na mwenzake. Akanijia, "Mama, ulimi wangu mnene." Midomo imeanza kuvimba, vipele vimetapakaa shingoni. Nikatoa chupa ya Piriton, mkono unatetemeka, nusu ya kijiko ikamwagikia kanzu yake mpya. Halafu nikakaa kusubiri.

Dakika 20 dada! Natazama saa ya ukutani, mtoto anazidi kuharibika na sindano ninayo. Akatapika, dawa yote ikatoka. Sauti ikakauka, kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikamsimamisha nimpeleke bafuni kumnawisha, akalegea mikononi mwangu kama kitambaa. Shoga yangu ndiye aliyeninyang'anya mkoba, akamlaza sakafuni, akamchoma pajani juu ya kanzu hiyo hiyo. Mwingine akapiga 999. Dakika 5 zikapita bado anahangaika na pumzi, akachomwa ya pili. Ndipo nikamsikia analia, na sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Aliyenipotosha ni muuza dawa mmoja, ndugu wa ukoo kabisa. Aliniambia kwa kujiamini, "Hiyo sindano inasimamisha moyo wa mtoto, iwe ya mwisho." Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira. Unamwambiaje mzazi neno zito hivyo kwa jambo usilolijua? Hospitalini daktari alinieleza taratibu: Piriton inatuliza muwasho na vipele, tena inachukua muda. Koo likivimba hailifungui, presha ikishuka haiipandishi. Adrenalini ndiyo inayobana mishipa ya damu, inafungua njia ya hewa, na inafanya hivyo kwa dakika chache. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka baada ya kuchomwa ni kawaida, hupita. Akaniambia na kumsimamisha kule kungeweza kummaliza, maana damu inakimbilia miguuni na moyo unabaki mtupu. Alazwe, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akae na miguu ameinyoosha. Asitembee hata hatua mbili.

Kwa hiyo shika hili: pumzi, sauti au koo likibadilika, au akilegea, choma. Ukiwa na shaka, choma. Piriton itakuja baadaye. Vuta kizibo cha bluu, ncha ya rangi ya chungwa ikandamize kwa nguvu katikati ya paja upande wa nje mpaka usikie mlio wa "ta!", hesabu mpaka 3, toa. Kidole gumba kisikae juu ya ncha yoyote, watu wamejichoma vidole. Kisha hospitali, hata akionekana mzima, kwa sababu shambulio linaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Huko Tanga usiitegemee ambulensi. Jua mapema gari ni la nani na hospitali ni ipi.

Kuhusu kuhifadhi kalamu: usiziweke kwenye friji, wala usiziache ndani ya gari juani. Kalamu zote mbili ziende alipo mtoto.

Na hao utakaomwachia mtoto ukienda sokoni, wanajua kwamba kisamvu chao kina karanga? Omba kalamu ya mazoezi kliniki, haina sindano wala dawa. Mpe bibi yake aikandamize pajani mwake mwenyewe, tena na tena, mkiwa mmekaa barazani, kabla hamjafungua hata sufuria moja.