Kuandika miongozo ya blokicheni ukiwa Malindi

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu aliyezoea kuandika barua na taarifa za hoteli hapo Malindi, asiyejua kuandika programu, anaweza kuajiriwa kuandika miongozo ya blokicheni, yaani daftari la pamoja la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi. Anaweza, ila si kwa kuzisifu sarafu za kidijitali, maana sifa hizo zimejaa tele. Anayetafutwa ni mtu wa kueleza, kwa mfano, kwa nini muamala wa Ethereum, mojawapo ya blokicheni, ulioshindikana katikati bado hukatwa ada: kompyuta za mtandao zimekwisha kuutekeleza mpaka pale ulipokwama, na kazi hiyo hulipiwa. Jaribu kumfahamisha hilo mtu aliyezoea M-Pesa, nawe utaona ugumu uliko.

Anza na waraka wa 2008 ulioeleza Bitcoin, sarafu ya kidijitali, wenye kurasa 9 tu, kisha fungua pochi, yaani programu ya kusimamia sarafu hizo, kwenye mtandao wa majaribio wa Ethereum, ambako sarafu hazikusudiwi kuwa na thamani, utume na kupokea huku ukiandika kila hatua kama ulivyoiona. Miongozo ya ethereum.org iko wazi kwenye GitHub, tovuti ambako watu huhifadhi na kusahihisha kazi kwa pamoja. Pendekeza masahihisho huko, kwani kwa maoni yangu masahihisho yaliyokubaliwa humshawishi mwajiri kuliko cheti. Programu utajifunza baadaye, walau uweze kusoma mfano na kuuendesha.

Kuhusu malipo, wapo wanaolipa kwa sarafu zao wenyewe, ambazo bei yake huweza kuporomoka kabla hujazibadilisha, kwa hiyo dai mkataba unaotaja kiasi kwa shilingi au dola. Na yeyote anayekutaka ulipe kwanza ndipo upewe kazi, au anayeuliza maneno ya siri ya pochi yako, mkatalie papo hapo.