Jibu: Mlimau umekufa kwa baridi, nipande nini badala yake?

Ndugu, pole kwa mlimau wako. Usiachane na jamii ya machungwa, badilisha aina tu. Mlimau huanza kuungua majani kwenye nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri, na kwako umesema hushuka hadi 8 chini ya sifuri. Tafuta mchenza wa satsuma uliobebeshwa (uliounganishwa) juu ya shina la ponsirasi, ule mti wa miiba wenye majani matatu matatu unaopukutika majira ya baridi. Ponsirasi huacha kukua mapema baridi ikija, na mti ulio juu yake nao hupunguza kuchipua. Yuzu ni sugu zaidi, ila matunda yake ni machachu sana, ya kukamulia.

Acha kuweka mbolea ya naitrojeni mwishoni mwa majira ya joto, maana machipukizi mororo ndiyo hufa kwanza. Kabla ya jalidi, rundika udongo kwenye shina hadi juu ya kiungo, pale mchenza ulipounganishwa na ponsirasi. Hapo ndipo wengi hukosea: wakifunika chini ya kiungo, kinachochipuka baadaye ni ponsirasi tupu! Jalidi ikipita, uondoe udongo huo ili gome lisioze.

Uliuliza pia kuhusu mdungusi: chagua aina iitwayo Opuntia humifusa. Theluji haiuui, maji yaliyotuama mizizini ndiyo huuozesha, kwa hiyo changanya kokoto nyingi na uinue tuta. Ukiuona umenyauka na kulala chini wakati wa baridi, usiung'oe. Unapunguza maji mwilini yasigande, utasimama tena joto likirudi.